Anza na Pambizo: Jinsi ya Kuthamini Chapa za Ndege Vita Zenye Saini

Ukikuta picha ya ndege vita kwenye nyumba ya zamani ya shamba la chai kule Mufindi, au imeegemezwa ukutani katika duka la vitu vilivyotumika mjini Mbeya, anza kuitazama kutoka chini, kwenye pambizo. Kwa kawaida pale pana mwandiko wa penseli. Upande wa kushoto utaona namba mbili zilizotenganishwa na mkwaju, tuseme 312/850. Upande wa kulia kuna jina la mchoraji, na katikati, ukibahatika, majina mawili matatu ya marubani. Ndege yenyewe yaweza kuwa imechorwa kwa ustadi wa ajabu, lakini bei ya karatasi ile huamuliwa na hayo maandishi madogo.

Picha imetoka mashineni, ndiyo maana huitwa chapa. Mchoraji alipaka rangi ya mafuta kwenye turubai mara moja tu, na turubai hiyo ikaenda kwa mnunuzi wake au ikabaki studio. Mchapishaji aliipiga picha, akaipeleka kwenye mashine ya ofseti, ya aina ileile inayochapa kalenda na vitabu vya shule, akatoa nakala mia kadhaa au elfu na kitu kwenye karatasi nzito, akatangaza kwamba hazitachapwa tena kwa umbo hilo. Mchoraji akazitia saini na kuzipa namba moja baada ya nyingine. Kisha zikapelekwa kwa wazee waliorusha ndege zile vitani, nao wakasaini. Hapo ndipo biashara hii inapoachana na chapa za maua na mandhari. Pambizo ndiyo sehemu pekee ya karatasi ambayo mkono wa mtu umepita, kwa hiyo kuthamini chapa hizi ni kazi ya kuichunguza pambizo: nani alisaini, alisaini nyingi kiasi gani, utathibitishaje, na hali ya hewa imeiacha vipi.

Biashara hii ilikulia Uingereza na Marekani. Chama cha Waingereza wanaochora ndege kilianzishwa mwaka 1971, na rais wake wa kwanza alikuwa Frank Wootton, aliyechora ndege wakati wa Vita Kuu ya Pili yenyewe. Wamarekani waliunda cha kwao mwaka 1986. Katika miaka ya 1980 na 1990 majina kama Robert Taylor, Gerald Coulson na Nicolas Trudgian yalikuwa yanajulikana kwa kila mpenzi wa ndege wa nchi hizo. Marubani wa vita walikuwa wamestaafu, wana miaka 60 na 70, mkono bado una nguvu ya kusaini mamia ya karatasi kwa kikao kimoja. Wanunuzi walikuwa wana wao, kizazi kilichokua kikisikia habari za Spitfire na Lancaster, ndege za vita za Waingereza, mezani wakati wa chakula. Ushike uhusiano huo wa baba na mwana, maana ndio unaoeleza kupanda kwa bei na kushuka kwake.

Watu wa Nyanda za Juu Kusini tuna sababu zetu za kuzipenda picha hizi. Mbeya ni mji wa ndege tangu zamani: Januari 1932, shirika la Imperial Airways lilipofikisha safari zake za barua kutoka London hadi Cape Town, Mbeya ilikuwa mojawapo ya vituo, baada ya Dodoma na kabla ya Mpika ng'ambo ya mpaka. Nyuma zaidi, Novemba 1917, Wajerumani walituma puto kubwa la kivita, L 59, kutoka Bulgaria, lije kumfikishia kamanda wao Lettow-Vorbeck dawa na risasi huku kusini mwa nchi yetu. Liliagizwa kurudi likiwa juu ya Sudan, likatua lilikotoka baada ya saa 95 angani.

Ila kinachonigusa zaidi ni Burma. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na batalioni za Tanganyika ndani yake, iliteremka bonde la Kabaw katikati ya mvua za masika ya Asia. Barabara zilikuwa matope matupu. Chakula na risasi vilidondoshwa kutoka angani kwa ndege za mizigo, Dakota hasa. Wazee wetu wa keya, yaani jeshi la King's African Rifles, waliokuwa kwenye tope lile waliishi kwa mzigo wa Dakota. Soko la London huipa Dakota bei ndogo kuliko Spitfire kwa sababu haikupiga risasi, na hilo ni kwa faida yetu. Kijana wa Njombe au Rungwe anayetaka kuanza kukusanya, ushauri wangu ni atafute chapa ya Dakota juu ya msitu wa Burma. Atalipa kidogo, na atakuwa ameweka ukutani kipande cha historia ya babu yake ambacho wachoraji wa Ulaya wamekigusa mara chache mno.

Turudi kwenye 312/850. Namba ya pili ni ukubwa wa toleo, ya kwanza ni nafasi ya nakala hiyo. Wengi hudhani nakala ya 1 ni bora kuliko ya 849, na dhana hiyo haikuzuka hewani. Katika chapa za zamani zinazochongwa kwenye bamba la shaba, bamba huchakaa kadiri linavyokandamizwa, kwa hiyo nakala za mwanzo hutoka kali zaidi. Ofseti haichoki kwa nakala mia nane. Tena namba huandikwa baadaye, kwa kadiri rundo lilivyokaa mezani, na hazina uhusiano wowote na karatasi ipi ilitoka kwanza. Muuzaji akikutoza zaidi kwa sababu namba ni ndogo, anakuuzia hisia. Isipokuwa pale ambapo namba ina maana yake, kwa mfano 617 kwenye picha ya uvamizi wa mabwawa ya Ujerumani wa Mei 1943, kwa kuwa kikosi kilichofanya kazi hiyo ni cha 617. Mkusanyaji wa somo hilo anaweza kuongeza kidogo kwa moyo mweupe.

Namba ya pili ndiyo inayopaswa kukushughulisha, na ndiyo hudanganya. 850 si lazima ziwe 850. Nje yake kuna nakala za msanii, zenye alama ya A/P, ambazo huhesabiwa peke yake. Mara nyingi kuna toleo dogo la wakusanyaji, lenye saini nyingi zaidi. Pengine miaka kumi baadaye mchapishaji alitoa picha ileile kwenye turubai au kwa ukubwa mwingine, na hakuvunja ahadi, maana aliahidi kutorudia umbo lile tu. Jumlisha zote kabla ya kusema kitu ni adimu. Katika familia hiyo yote, inayosimama juu ni ile yenye rimaki, yaani kichoro kidogo ambacho mchoraji amekichora kwa mkono wake kwenye pambizo, ndege ndogo ya penseli au ya rangi ya maji. Hicho ni kazi halisi ya sanaa, hakuna kingine kama hicho duniani, na bei yake hufuata hivyo.

Kuhusu saini za marubani, kosa kubwa ni kuamini kwamba rubani akifariki saini yake inapanda. Kinachoamua ni wingi wa alizoacha. Chukua watu wawili mashuhuri wa pande mbili za vita. Douglas Bader, Mwingereza aliyerusha ndege vitani akiwa na miguu ya bandia, alifariki Septemba 1982, biashara hii ikiwa bado changa, hivyo chapa zenye mkono wake ni chache. Adolf Galland, jenerali wa ndege vita wa Ujerumani, aliishi hadi 1996, akasaini chapa nyingi sana katika miaka yote ile ya mavuno. Wote wawili ni majina makubwa, lakini saini ya Galland utaipata kila mwaka bila kuhangaika, na ya Bader kwenye chapa utaisubiri. Paul Tibbets, aliyeongoza ndege iliyoangusha bomu la atomiki Hiroshima, aliishi hadi 2007, naye alisaini bila kuchoka. Umaarufu wake haukuigeuza saini yake kuwa adimu.

Marubani na wenzao wa ndani ya ndege wa Mapambano ya Uingereza ya mwaka 1940 walikuwa karibu 3,000. Wa mwisho aliyejulikana, John Hemingway, alifariki Machi 2025 akiwa na miaka 105. Kwa hiyo mlango umefungwa: saini mpya ya mtu wa vita ile haitaandikwa tena. Hata hivyo utaona chapa mpya zikiuzwa na saini za waliokufa zamani. Mara nyingi mchapishaji amechukua saini halisi kutoka kwenye kadi au barua, akaipachika kwenye dirisha dogo la kadi inayozunguka picha. Si utapeli ikiwa amesema wazi, lakini rubani yule hakuiona picha ile wala hakuichagua, nami binafsi siipi uzito sawa na saini iliyowekwa kwenye karatasi yenyewe.

Sasa uchunguzi. Unahitaji kioo cha kukuzia cha mara kumi, kile wanachojibana nacho jichoni mafundi saa, pamoja na tochi ya simu. Weka kioo kwenye anga la picha kwanza. Utaona anga halina bluu iliyotandazwa. Ni vitone vidogo vya bluu, waridi, njano na vyeusi, vimejipanga kwa miduara. Huo ndio uso wa ofseti. Ukishalizoesha jicho, sogeza kioo taratibu hadi kwenye saini. Ikiwa mstari wa saini nao unavunjika kuwa vitone, saini imechapwa pamoja na picha, haina thamani ya mkono. Ikiwa unaona ukungu wa kijivu umeshika vinyweleo vya karatasi, ukiruka kwenye vibonde na kukolea kwenye vilima, hiyo ni penseli. Laza tochi ubavuni: risasi ya penseli hung'aa kidogo, na mahali mwandishi alipokandamiza, mwishoni mwa jina, karatasi huwa na mfereji mwembamba unaotupa kivuli. Usishtuke ukiona pia jina la mchoraji limechapwa ndani ya picha, kwenye kona ya uwanja au ya bahari. Hilo lilikuwa kwenye turubai tangu mwanzo, haliongezi wala kupunguza.

Ukikosa miduara ya vitone ukaona unyunyizo laini usio na mpangilio, hiyo ni printa ya inkijeti. Siku hizi wachapishaji halali wanaitumia. Lakini teknolojia hiyo iliingia kwenye chapa za sanaa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo karatasi inayodai ni ya 1983 na ina unyunyizo wa inkijeti imeshajishtaki yenyewe.

Vyeti navyo vipo vya aina mbili. Cheti cha mchapishaji, chenye jina la picha, majina ya waliosaini na namba inayolingana na ile ya pambizo, ni ushahidi mzuri, na kisipolingana ni tatizo zito. Cheti alichojichapia muuzaji kinaonyesha tu kwamba ana printa. Ukilinganisha saini, linganisha na za umri uleule: mkono wa kijana wa 1940 kwenye kitabu chake cha safari si mkono wa mzee wa 1992.

Sura inayoniuma ni ya hali ya karatasi, kwa sababu huku kwetu uharibifu mwingi unafanywa kwa nia njema. Mtu anapeleka chapa kwa fundi wa fremu, fundi anapima, anaona fremu aliyonayo ni fupi, anasema, "Mzee, hapa chini pana nafasi tupu, nikipunguza kidogo inaingia safi." Hiyo nafasi tupu ndiyo mali yote. Chapa iliyokatwa pambizo imepoteza sehemu kubwa ya bei yake hata kama saini zimenusurika, na ikikatwa hadi kwenye namba imebaki bango. Wengine huilamineti, kama tunavyolamineti vyeti vya shule. Plastiki ile imegandishwa kwa joto na gundi, haitoki bila kuondoka na karatasi. Wengine huibandika kwenye hadibodi kwa gundi ya mbao ili isijikunje. Mwambie fundi mambo matatu kabla hajashika kisu: hakuna kukata, hakuna gundi, hakuna selotepu. Atengeneze fremu ya kufuata karatasi.

Kinachokaa nyuma ya chapa nacho kina kazi yake. Misonobari ya Sao Hill inakwenda kiwanda cha Mgololo kuwa karatasi ngumu ya kahawia, nzuri sana kwa mifuko na vifungashio. Karatasi ya kahawia ya namna hiyo, na maboksi kwa jumla, bado ina mabaki ya lignini, ile gundi ya asili ya mti, ambayo ikizeeka hutoa asidi. Asidi huhamia kwenye chapa na kuiacha na rangi ya chai. Ukifungua fremu ya miaka thelathini ukakuta kipande cha boksi nyuma, mara nyingi utakuta na mchoro wake umejichora mgongoni mwa picha. Agiza kadi isiyo na asidi Dar es Salaam. Ukiikosa, afadhali chapa ilale bapa kwenye jalada safi kuliko kuegemea boksi.

Unyevu ni adui wa pili, na Tukuyu hauhitaji kuelezwa. Hewa ikishapita unyevu wa asilimia 65 hivi kwa muda mrefu, ukungu huamka, na madoa ya rangi ya kutu hujitokeza, kwanza kwenye pambizo kwa kuwa ni nyeupe. Usiitundike kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, na acha upenyo kati ya fremu na ukuta. Jua nalo hula kwa namna yake: njano na waridi hufifia kabla ya bluu, hivyo machweo ya dhahabu juu ya uwanja wa ndege hugeuka asubuhi ya baridi. Penseli haififii kwa jua, ndiyo maana wachapishaji makini waliipenda kuliko kalamu ya wino. Inafutika kwa kusuguliwa tu, kwa hiyo usipanguse pambizo kwa kitambaa hata mara moja.

Tukifika kwenye bei, watu hugombana kwa sababu wanazungumzia bei tofauti kwa neno moja. Ipo bei ya duka, anayotaka muuzaji mwenye fremu na jengo. Hiyo hutumika kwa bima. Ipo bei ya mnada, iliyogongewa nyundo, ambayo juu yake mnunuzi huongeza ada ya mnada na muuzaji hukatwa kamisheni. Na ipo bei atakayokupa dalali leo kwa fedha taslimu, ambayo mara nyingi ni nusu ya bei ya duka au chini yake. Ukifungua tovuti za mauzo, usiangalie bei zinazoombwa. Chuja zilizokwisha kuuzwa, maana mtu anaweza kuomba pauni 600 kwa miaka mitano bila kupata hata anayeuliza.

Na hali ya soko ni kwamba chapa nyingi za matoleo makubwa zimeshuka. Wale wana wa marubani wamezeeka, wanahamia nyumba ndogo, makusanyo yao yanaingia mnadani kwa wakati mmoja, na wajukuu hawana kuta wala hamu. Chapa ya kawaida, toleo la elfu moja, saini moja au mbili za watu waliosaini sana, huko Uingereza huuzwa kwa makumi ya pauni tu, pengine chini ya gharama ya fremu yake. Zilizoshikilia bei ni za rimaki, za matoleo madogo kweli, na zenye saini ambazo hazikuandikwa mara nyingi.

Tufanye hesabu ya 312/850 yetu. Tuseme ni Lancaster, ya miaka ya 1980, ina saini mbili, na umeona nakala safi kama hiyo zikigongewa nyundo kwa pauni 80. Yako imepunguzwa pambizo hadi kidole kimoja chini ya saini, itoe nusu. Ina madoa ya kutu kushoto. Imebaki 30 hivi. Toa kamisheni, toa gharama ya kuisafirisha kutoka Mbeya hadi Uingereza kwenye bomba gumu, na hakuna kilichobaki, pengine unadaiwa. Hapo thamani yake ya kuuza ni sifuri, na ya kuitundika sebuleni ni kubwa. Ila hesabu hiyohiyo inampendelea mnunuzi wa huku: chapa isiyo na fremu inasafiri ikiwa imeviringishwa, nyepesi, na kwa bei za sasa mtu wa Iringa mwenye kipato cha kawaida anaweza kumiliki saini ya mtu aliyekuwa angani mwaka 1944. Miaka ya 1990 hilo lilikuwa la matajiri.

Kama uchunguzi wako umeonyesha rimaki, au saini ya mtu aliyefariki mapema kama Bader, usiuze kwa wa kwanza atakayekuja. Nyumba nyingi za mnada hutoa makadirio bila malipo kwa picha zilizotumwa kwa barua pepe. Ondoa chapa kwenye kioo kwanza ikiwa haijashikana nacho. Ikiwa imeshikana, iache kama ilivyo na useme hivyo. Piga picha nzima mchana, kivulini, bila mwanga wa simu. Piga pambizo yote kutoka kona hadi kona, kisha kila saini kwa karibu ikiwa na rula pembeni, kila doa, mgongo wa karatasi, na cheti pande zote mbili. Andika urefu na upana wa karatasi pamoja na wa picha yenyewe, maana kwa vipimo hivyo mthamini ataijua chapa iliyokatwa hata kabla hajauliza. Eleza ilikotoka, nyumba gani na tangu lini, kwa maneno machache ya kweli. Kisha uliza swali moja lililo wazi: unataka makadirio ya mnada, au ya bima.